Gemu za kujenga rundo la karata zinamfaa mgeni, tena kuliko gemu nyingi zinazoitwa rahisi

Changakarata (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila zinapotajwa gemu za kujenga rundo la karata, hasa Slay the Spire, hakosekani wa kusema hizo ni za wazoefu na mgeni atakimbia. Sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo, na nimefungua uzi huu tuijadili kwa mifano. Msimamo wangu ni kwamba mtu anaweza kuanza nazo hata kama hajawahi kushika gemu nyingine yoyote, kwa sababu hazidai wepesi wa vidole na karibu kila kitu kiko wazi mbele ya macho. Kinachowaangusha wageni ni tabia moja wanayokuja nayo, ya kuokota kila wanachopewa. Nitaifikia.

Kwa ambaye hajaziona: Slay the Spire imetengenezwa na Mega Crit. Ilianza kuuzwa Novemba 2017 ikiwa bado inajengwa, toleo kamili likatoka Januari 2019. Unapanda mnara na kupigana kwa karata. Kila zamu unalamba karata 5 na una nishati 3 ya kuzichezea. Zinazobaki mkononi zinatupwa, na rundo likiisha linachangwa upya. Ukishinda pambano unaonyeshwa karata 3, unachukua 1 au unaziacha zote. Ukifa, safari imeisha, unaanza chini na ramani nyingine. Hili la kufa na kuanza upya ni urithi wa Rogue ya mwaka 1980. La kujenga rundo huku mchezo unaendelea limetoka mezani, kwenye Dominion ya 2008, ambako pia unaanza na karata 10 dhaifu na kulamba 5 kila zamu.

Sasa tazameni pambano moja la mwanzoni kabisa.

Mgeni anaanza na Ironclad, wahusika wengine wanafunguka baadaye. Ana uhai 80 na karata 10: Strike 5, kila moja inapiga 6, Defend 4, kila moja inaweka kinga ya 5, na Bash moja. Bash inakula nishati 2, inapiga 8, na inamwacha adui wazi, yaani mapigo yote yanayofuata zamu hiyo na zamu inayokuja yanaongezeka kwa nusu. Mbele yake yupo Jaw Worm, uhai wake ni kati ya 40 na 44. Juu ya kichwa chake pana alama: zamu hii atapiga 11. Mkononi umelamba Bash, Strike 2 na Defend 2.

Mgeni akiona 11 anashtuka. Anaweka Defend mbili na Strike moja, anapoteza uhai 1, adui anapungua 6. Kwa macho inaonekana ni busara. Lakini jaribu njia ya pili. Bash kwanza, 8. Kisha Strike, ambayo sasa ni 9. Jumla 17, na unakubali kupigwa zile 11. Zamu ya pili unalamba nini? Hapo hakuna bahati yoyote. Rundo lina karata 10, 5 umeshaziona, zilizobaki ni Strike 3 na Defend 2, na zote zinakuja mkononi. Strike 3 kwa 9 ni 27. Jumlisha na 17 upate 44. Adui amekufa hata kama alikuja na uhai wake wa juu kabisa, na hakupata nafasi ya kupiga mara ya pili. Hirizi ya Ironclad, yaani kifaa chenye nguvu ya pekee anachobeba safari nzima, inamrudishia uhai 6 kila baada ya pambano, kwa hiyo umetoka na upungufu wa 5 tu.

Hakuna hesabu hapo inayozidi kujumlisha na kuongeza nusu, na kila namba niliyoitumia iko kwenye skrini. Gemu ya mpira au ya ngumi inamtaka mgeni ajue vitufe kwanza ndipo apate nafasi ya kufikiri. Hapa anafikiri tangu zamu ya kwanza, na hakuna saa inayomkimbiza. Ndiyo maana nasema inamfaa.

Karibuni tujadili.

Mpiga Turufu

Mkuu, umeeleza vizuri, ila umechagua pambano rahisi. Twende kwa Gremlin Nob.

Huyu yumo katika sehemu ya kwanza ya mnara, ni mmoja wa wale maadui wakali wanaotoa hirizi. Uhai wake unaanzia 82. Zamu ya kwanza ananguruma tu. Baada ya hapo, kila ukicheza karata ya mbinu, yaani ya kujikinga au kujisaidia badala ya kushambulia, nguvu yake inaongezeka 2, na haishuki tena mpaka pambano liishe. Defend ni karata ya mbinu. Kwa hiyo mgeni aliyefundishwa na gemu yenyewe kwamba adui akitaka kupiga weka kinga, anaweka Defend mbili, na pigo la 14 linakuwa 18, halafu 22. Amekufa kwa kufanya kile kile kilichomwokoa ghorofa mbili zilizopita.

Halafu kuna kusoma. Kila mhusika ana karata zaidi ya 70, na kila karata ina maneno yake. Kuna sumu, kuna udhaifu, kuna nguvu, kuna karata zinazotoweka zikichezwa. Mtu ametoka kazini amechoka, unamwambia asome aya nzima kabla ya kubonyeza. Hapo unamwambia nini?

Changakarata

Mpiga Turufu, hoja nzito, na kuhusu Nob nakubali: ni mmoja wa maadui wa sehemu ya kwanza wanaoua wageni wengi. Lakini ona mambo mawili.

La kwanza ni ramani. Kabla hujapiga hatua unaonyeshwa sehemu nzima, njia zote mpaka kwa bosi, na maadui wakali wana alama yao. Hujui yupi kati ya watatu atakutokea, ila unajua pale kuna mmoja wao. Mgeni anayepita njia isiyo na alama hiyo kwa kawaida hakutani na Nob. Atakosa hirizi, na hiyo ndiyo gharama ya usalama wake. Kuchagua njia ni sehemu ya mchezo, tena sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani.

La pili, akishanguruma, chini yake kunatokea alama, na ukiigusa unaelezwa wazi kwamba karata za mbinu zinamwongezea nguvu. Gemu haijamvizia mgeni. Imemwambia, ila mgeni hakugusa. Nikimwelekeza mtu mpya huwa nampa sharti moja tu: kabla ya kucheza karata ya kwanza ya kila zamu, gusa kila alama iliyo kwenye adui. Na kwa Nob hasa, ile zamu anayonguruma hapigi, kwa hiyo mshushie mashambulizi yote uliyonayo. Mtu aliyeokota karata mbili tatu nzuri za shambulio kwenye ghorofa za chini ana nafasi nzuri kabisa ya kumshinda.

Kuhusu kusoma, ni kweli zipo nyingi. Lakini husomi 70. Unasoma 3 baada ya pambano, na huna haraka. Maneno yenyewe yanajirudia. Ukishaelewa maana ya kumwacha adui wazi kwenye Bash, umeielewa kwenye karata zote zinazofanya hivyo.

Sasa nifike kwenye lile nililosema ndilo tatizo lenyewe, maana hapa ndipo safari nyingi za wageni zinapofia.

Mgeni akipewa karata 3 achague, anachagua. Kila mara. Zawadi imekuja, utaikataaje? Akifika kwa bosi wa sehemu ya pili ana karata 30 na zaidi, na anashangaa mbona haoni zile nzuri. Fanya hesabu: rundo la karata 10 linapita lote mkononi kwa zamu 2. Rundo la 30 linahitaji zamu 6. Ile karata kali uliyoifurahia unakutana nayo mara moja katika zamu 6, na mapambano mengi ya kawaida yameshaamuliwa kabla ya hapo. Kila garasa uliloliokota linakaa mbele ya turufu yako kwenye foleni.

Lakini msinielewe vibaya, maana wapo wanaosikia haya wakaanza kukataa tangu pambano la kwanza, na wao pia wanakufa. Zile Strike 5 hazitoshi kumwangusha adui mkali yeyote. Ghorofa za mwanzo chukua mashambulizi mazuri bila kusita. Ukishakuwa na uwezo wa kuua, ndipo swali linabadilika. Huulizi tena "ipi bora kati ya hizi tatu?" Unauliza "nikiwa na pambano gumu mbele yangu, ningependa kulamba hii badala ya zile nilizonazo?" Jibu likiwa hapana, acha zote. Kitufe cha kuacha kipo kwa kazi hiyo.

Na dukani usinunue tu, ondoa pia. Kuondoa karata ya kwanza ni dhahabu 75, kila inayofuata inaongezeka 25. Mgeni anaona ajabu kulipa ili apungukiwe. Lakini mwondolee Ironclad Strike mbili, halafu angalia mkono wake unavyobadilika.

Mama Wawili

Habari zenu. Naomba kuuliza kidogo nje ya mada ila si mbali. Kijana wangu wa miaka 13 anaitaka hiyo Balatro, anasema ni ya aina hii hii. Nimeona picha zake ni karata za kawaida na maneno ya poka. Je, ni kamari? Na kama si kamari, kwa mtu asiyejua gemu ni rahisi kuliko hiyo ya mnara?

Ree ya Shupaza

Mama, swali lako limo ndani ya mada kabisa.

Si kamari. Balatro ilitoka Februari 2024, imetengenezwa na mtu mmoja anayejiita LocalThunk. Hakuna kuweka dau, hakuna mpinzani wa kumlia hela, na ukishainunua hakuna karata za kununua kwa pesa halisi ndani yake. Fedha zilizomo ni za mchezo tu na haziingii wala kutoka. Wasiwasi wako si wako peke yako: bodi ya Ulaya inayopanga umri, PEGI, iliwahi kuiwekea 18 kwa sababu ya picha hizo za poka, kisha Februari 2025 ikashusha hadi 12. Kijana wako yumo.

Inavyokwenda: una karata 52 za kawaida, shupaza, kopa, uru na pau. Unashika 8, unacheza mpaka 5, na unapata alama kulingana na muundo uliotengeneza. Lengo la kwanza ni alama 300. Tuseme umepata 5 za kopa: ree, mfalme, 9, 7 na 4. Muundo huo wa karata tano za aina moja, kama hizi za kopa tupu, una msingi wa 35 na unazidishwa kwa 4. Ree ni 11, mfalme ni 10, ukijumlisha na hizo nyingine unapata 41. Na 35 ni 76. Mara 4 ni 304. Umevuka kwa mkono mmoja.

Hapo mtoto anafurahi. Lakini kufikia hatua ya nane lengo la msingi ni 50,000, na hakuna mkono wa kawaida utakaokufikisha huko. Kinachokufikisha ni jokeri, nafasi 5 za kuzipanga, kila moja na kanuni yake: hii inaongeza 4 kwenye kizidisho, ile inaongeza alama na kizidisho kila unapocheza ree, na kadhalika. Kwangu mimi hii ndiyo ya kumpa mgeni, maana karata 52 karibu kila mtu anazijua.

Changakarata

Ree, kuingia kwenye Balatro ni rahisi zaidi, hilo sina ubishi nalo, na Mama akimnunulia kijana hatajuta. Ila kuna jambo moja linalonifanya niendelee kuuweka mnara mbele kwa mtu anayetaka kujifunza aina hii ya gemu. Balatro haikuonyeshi jumla kabla hujacheza. Unaona msingi na kizidisho cha muundo wako, lakini kazi ya jokeri zote kwa pamoja unaiona ikishatokea. Mgeni akishinda hajui kilichomshindisha, akishindwa hajui angezidisha wapi. Kwenye mnara ile 11 ya Jaw Worm imeandikwa. Unaweza kufa, ila ukitulia ukarudisha mawazo nyuma utaiona zamu uliyokosea.

Kobe Mpole

Mimi niko upande mwingine na nitasema wazi. Nilizicheza hizi gemu nikaziacha. Saa nzima unapanda, unajenga rundo zuri, bosi anakumaliza, unarudi sifuri. Hadithi hakuna. Mtu anayeanza anahitaji kuona anasonga mbele. Kumwambia mgeni "kufa ndiyo kujifunza" ni kumchosha bure.

Changakarata

Kobe Mpole, kwa mtu wa hadithi uko sahihi, na mtu huyo simshauri aanze na mnara. Kuna Griftlands ya Klei, toleo kamili la 2021, ambayo mapambano ya karata yamebeba hadithi, na kuna karata za kupigana na za kubembeleza kwa maneno, marundo mawili tofauti. Kuna pia Inscryption ya mwaka huo huo, hadithi yake inakamata sana, ila ina giza na vitisho, kwa hiyo si ya kila mtu.

Lakini kurudi sifuri, hapana. Ukifa bado unapata pointi zinazofungua karata na hirizi mpya, na mhusika wa pili, Silent, anafunguka baada ya safari ya Ironclad hata kama umeshindwa. Na lililo kubwa zaidi ni wewe mwenyewe. Aliyekufa kwa Nob akiweka Defend, safari ijayo haweki. Hakuna namba ya gemu iliyoongezeka hapo, ila mchezaji si yule yule. Mimi huko ndiko ninakokuita kusonga mbele, na najua si kila mtu anakufurahia.

Mpiga Turufu

Nakubaliana na mengi sasa, ila niongeze onyo kwa wageni wanaosoma uzi: msianze na Monster Train. Ni gemu nzuri sana, ya 2020, lakini pale unalinda ghorofa tatu za treni kwa wakati mmoja, na nafasi ya kila askari wako ina maana. Ukitoka kwenye mnara utaipenda. Ukianza nayo utapotea.

Na zile ngazi 20 za ugumu, Ascension, mgeni asiziguse kabisa. Zipo kwa walioshinda wakataka kubanwa zaidi.

Jingine, orodha za karata bora zilizojaa mtandaoni. Mgeni anaisoma, anaona karata fulani imewekwa juu kabisa, anaichukua kila anapoiona, hata rundo lake likiwa haliihitaji. Bora asisome chochote kwanza.

Changakarata

Naunga mkono yote matatu. Hilo la orodha hasa. Karata ya kupiga maadui wote kwa pamoja ni dhahabu ukiwa na kundi mbele yako na ni garasa ukiwa na bosi mmoja. Orodha haijui uko ghorofa ya ngapi.

Mgeni Jamvini

Wakuu, nimekuwa nikisoma kimya kimya nikaishusha gemu. Niko katikati ya pambano sasa hivi, nimefika kwa bosi wa kwanza, Slime Boss. Alianza na uhai 140, nimemfikisha 78. Zamu iliyopita alikuwa anajiandaa tu, sasa juu ya kichwa imeandikwa 35 na mimi nina uhai 29. Mkononi nina Bash, Strike na Defend 3. Nikiweka Defend zote napata kinga 15, inanifikia 20, nabaki na 9. Nifanye hivyo?

Changakarata

Usicheze chochote kwanza, ndugu. Gusa ile alama iliyo chini yake usome inasemaje, halafu urudi utuambie.

Mgeni Jamvini

Inasema akifika nusu ya uhai wake au chini yake anagawanyika.

Nusu ya 140 ni 70. Bash inapiga 8. Anabaki na 70 kamili.

Kwa hiyo nikimpiga Bash anagawanyika badala ya kupiga? Ile 35 haiji?

Mpiga Turufu

Haiji. Na una nishati 1 bado. Angalia mpangilio: vipande vinazaliwa na uhai ule ule atakaokuwa nao anapogawanyika, kila kimoja.

Mgeni Jamvini

Strike kwanza kisha Bash ni 6 na 8, anabaki 64. Bash kwanza kisha Strike, Strike inakuwa 9, anabaki 61. Naenda na Bash kwanza.

Imefanya! Ile 35 imefutika pale pale Bash ilipompata. Sasa viko viwili, 61 na 61, na mimi bado nina 29.

Changakarata

Vizuri sana. Usivipige vyote kwa zamu. Chagua kimoja ukimalize, na kila kimoja kikifika nusu kitagawanyika tena kwa kanuni hiyo hiyo, kwa hiyo kabla hujakivusha nusu hakikisha pigo linalokivusha ni kubwa kadiri unavyoweza. Na usisahau chupa za dawa kama unazo, watu hufa nazo mfukoni.